"Nenda Therapi" Imekuwa "Jikaze" Mpya

Nimefuta ile video ya hatua tano. Mnaoniuliza iko wapi, hapana, akaunti haijadukuliwa. Niliifuta mwenyewe Jumapili usiku, na ndiyo ilikuwa imetazamwa kuliko kitu kingine chochote nimewahi kupakia.

Kwa ambaye hakuiona: nilisimama mbele ya ukuta wa nyumba yetu Kayole, nikahesabu kwa vidole. Kukana, hasira, kupatana bei na Mungu, huzuni, kukubali. Piano inalia polepole kwa nyuma. Mwisho nikatoa ile sauti ya mtu ameona maisha, nikasema: "Kama umekwama kwa hatua moja, nenda therapi." Watu wakamwaga machozi kwa komenti. Mimi nikajiona nimeokoa taifa.

Halafu jirani akamwonyesha Mama. Nilikuwa jikoni nasonga ugali. Akaegemea fremu ya mlango, akaniuliza, wala si kwa hasira: "Sasa mimi niko kwa ya ngapi?"

Bro alikuwa amemaliza mwaka mmoja na miezi minane kaburini. Nikaangalia sufuria. Nikamwambia ugali unaungua.

Hiyo ilikuwa Aprili mwaka jana. Video nikaiacha juu mwaka mzima, na sababu yenyewe ni ya aibu: ilikuwa inaniletea wafuasi. Kilichonimaliza ni ujumbe wa Jumapili. Dada mmoja, simjui, aliandika kwamba baba yake amefariki Jumatano na yeye bado hajalia. Je, yuko hatua ya kwanza ama amepitwa? Maze. Mwili bado uko mochari, na mtu anajipima na vidole vyangu.

Kwa hivyo kwanza nilipe deni. Zile hatua tano zilitoka kwa daktari anayeitwa Elisabeth Kübler-Ross, kwenye kitabu alichochapisha 1969. Alikuwa ameketi na wagonjwa Chicago, akawasikiza. Wagonjwa waliokuwa wanakufa. Soma hapo tena: wanaokufa, si waliofiwa. Alikuwa anaeleza vile mtu anapokea habari za kifo chake mwenyewe. Baadaye watu wakazichukua wakawavisha waliobaki, kama koti la marehemu linalogawiwa bila kupima mabega. Yeye mwenyewe na mwenzake David Kessler, kwenye kitabu kilichotoka 2005 baada ya yeye kufariki, walieleza kwamba hatua hizo hazikukusudiwa kuwa ngazi ya kupandwa moja baada ya nyingine. Mimi nilikuwa nimezipanga kama ngazi na nikaweka piano.

Sasa Mama. (Nimemsomea kila mstari wa hii kitu. Amekata sehemu mbili, zingine amesema ziende.)

Kwa miaka 27 hakuna mtu mtaani alimwita Mama kwa jina lake. Aliitwa kwa jina la bro, kwa sababu bro ndiye kifungua mimba, na hivyo ndivyo tunavyoitana. Bro alikuwa na bodaboda. Lori likamgonga chini ya daraja la Donholm, mchana kweupe. Alipokufa, mtaa ukapata shida ambayo hakuna aliyeitamka: sasa huyu mama tumwite nani? Ndani ya mwezi mmoja wakahamia kwa jina langu. Nia yao ilikuwa nzuri, hawakutaka kumkumbusha. Lakini Mama alikuwa anaitwa hivyo mara tatu kabla ya kugeuka.

Anauza mashuka ya mitumba Gikomba. Magari ya kutoka kwetu hupita Donholm ndipo yaingie Jogoo Road. Mama akaacha kuyapanda. Akawa anaenda Kariobangi, anabadilisha gari, anashukia Eastleigh, kisha anatembea na mzigo hadi sokoni. Nauli karibu mara mbili. Kila mwezi anaweka kredo kidogo kwa laini ya bro ili isifungwe. Reflekta yake ilikaa nyuma ya mlango bila kuguswa. Na pamoja na hayo yote, jina lake halikutajwa kwetu nyumbani. Si mezani, si kwa sala.

Na mimi nilimwambia nini? Miezi ya kwanza nilimwambia ajikaze. Nilisema kwa upole, lakini nilisema. Baadaye nikaerevuka: nikamtumia namba ya mshauri nasaha kwa WhatsApp na emoji ya moyo, nikaendelea na shughuli zangu. Nikaona sasa mimi ni kijana wa kisasa, najali afya ya akili.

Hapo ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu najua siko peke yangu. "Nenda therapi" imekuwa "jikaze" mpya. Maneno ni matamu zaidi, lakini kazi yake mara nyingi ni ile ile: ondoa machozi yako hapa mbele yangu. Wazee walikuwa wanasema mwanaume halii. Sisi tunaandika "tafadhali tafuta msaada wa kitaalamu" na tunafunga chati. Aliyefiwa anabaki na namba ya simu na nyumba iliyo kimya.

Kuna kitu hautaambiwa kwa zile video za dakika moja, zangu zikiwemo: watu wengi waliofiwa hawahitaji therapi. Si maoni yangu tu. Mwaka 2008 watafiti Wamarekani walikusanya tafiti 61 za kusaidia waliofiwa, wakaona kwamba ukimpa kila aliyefiwa ushauri nasaha eti kwa sababu tu amefiwa, baada ya muda huwezi kumtofautisha na ambaye hakupewa. Waliofaidika wazi ni wale waliokuwa tayari wanaumia kupita kiasi. Wengine majonzi yao yalikuwa yanafanya kazi yake, polepole, na watu wao kando yao.

Kazi gani hiyo? Wataalamu wawili wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, walitoa maelezo mwaka 1999 ambayo mimi naona ndiyo yanafanana na maisha. Wanasema aliyefiwa huenda na kurudi. Saa hii uko ndani ya msiba, unanusa shati lake. Baada ya saa moja uko nje, unatafuta karo, unafua, unacheka meme. Kisha unarudi ndani. Huko kwenda na kurudi ndiko kupona kwenyewe. Siku ya pili baada ya mazishi nilicheka video ya mbuzi mpaka nikalia, halafu nikajichukia wiki nzima nikidhani sikumpenda bro. Laiti mtu angeniambia.

Sasa ili mtu aende na kurudi, lazima kuwe na watu pande zote mbili. Na hapa Nairobi yetu ndiyo inanikasirisha.

Sisi matanga tunajua. Hakuna mtu atatufundisha. Bro alikufa Jumanne, kufikia Jumatano jioni kuna komiti, kuna mwenyekiti, kuna mweka hazina, kuna grupu ya WhatsApp yenye watu zaidi ya 200 na orodha ya michango inayonakiliwa na kuongezwa jina moja moja. Watu walikuja kila jioni siku tisa mfululizo. Chai haikuisha. Tukapata basi la kwenda Bungoma, tukapata jeneza, tukapata programu za kurasa nane zenye picha za rangi. Tukazika Ijumaa. Jumanne iliyofuata admini akaandika: "Asanteni wote, salio ni shilingi 4,200, zimekabidhiwa familia. Grupu inafungwa." Na ikafungwa, hivyo tu. Jumatano Mama akaketi kwa ile sebule, viti vya kukodi vimerudishwa, hakuna mtu.

Desturi za kitambo hazikuwa hivyo. Kwetu Wabukusu, siku ya tatu baada ya kuzika kuna lubeko, watu wa boma wananyolewa, na watu wanarudi kukaa kuzungumzia mambo ya marehemu na madeni yake. Mzee wa heshima akifa huja yule mfariji anayetembea katikati ya watu akisimulia historia ya ukoo na kuwatuliza walio hai. Hiyo inaitwa kumuse, ingawa kijana wa miaka 27 hafanyiwi. Rafiki yangu wa Mombasa alipofiwa na baba yake, walizika siku hiyo hiyo, lakini mambo hayakuishia hapo. Kulikuwa na hitma, kulikuwa na arubaini, na mama yake akakaa eda miezi minne na siku kumi, na muda huo wote kila mtu alijua yuko wapi na kwa nini. Sisemi eda ni rahisi, na sisemi kila mila inamtendea mjane haki. Mila zingine zimewafukuza wajane kwa mashamba yao. Nasema zilikuwa na kalenda iliyoendelea baada ya kaburi kufunikwa. Sisi wa mjini tulibeba ile sehemu ya kuchangisha pesa, kalenda tukaiacha ushago.

Kwa hivyo kabla hujamtumia mtu namba ya mshauri, jiulize kama ulirudi wiki ya tatu. Mwezi wa pili je?

Lakini pia kuna wale ambao hata ukirudi kila siku, hawasongi. Makadirio ya watafiti ni kama mtu mmoja kati ya kumi wa wale waliofiwa kwa vifo vya kawaida. Kwa vifo vya ghafla na vya fujo, kama ajali na mauaji, ni wengi zaidi. Shirika la Afya Duniani limeiweka hali hiyo kwenye orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022: majonzi ya muda mrefu. Hamu ya marehemu haipungui, mtu anamuwaza mchana kutwa, anahisi sehemu yake imekufa pia, anakwepa kila kinachosema amekufa kweli, na maisha yamesimama. Lazima iwe imepita angalau miezi sita, na iwe imezidi kile ambacho jamii na dini ya mtu huona ni kawaida. Wamarekani wao wanangoja mwaka mmoja kwa mtu mzima. Kuna wataalamu waliopinga, wakisema tunageuza mapenzi kuwa ugonjwa, na mimi nilikuwa upande wao hadi nikamwangalia Mama vizuri. Mtu anayetembea kutoka Eastleigh hadi Gikomba na mashuka mgongoni ili asione daraja, mwaka wa pili sasa, hana shida ya kupenda sana. Amekwama.

(Na msinielewe vibaya kuhusu kungoja. Ukisikia mtu anasema anataka kumfuata marehemu, hiyo si ya kungoja miezi sita. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo na usimwache peke yake.)

Mshauri wa kwanza hakusaidia. Sitamtaja. Shilingi 3,500 kwa saa, faida ya Mama ya siku kadhaa. Alimwambia lazima amwachilie mwanawe aende, atoe vitu vyake kwa nyumba, afungue ukurasa mpya. Kisha akamsimulia msiba wake yeye mwenyewe kwa dakika ishirini. Mama akarudi akaniambia, "Sasa nimemfariji yule kijana, na nimelipa." Hakurudi tena, na mimi nikasema therapi ni biashara ya watu wa Westlands.

Ile hadithi ya "mwachilie" ni ya zamani. Sigmund Freud aliandika 1917 kwamba kazi ya maombolezo ni kuvunja uzi mmoja mmoja unaokufunga kwa aliyekufa, hadi uwe huru kupenda kwingine. Ilisikika vizuri. Mwaka 1920 binti yake Sophie akafariki kwa homa ya mafua, na karibu miaka kumi baadaye Freud alimwandikia rafiki yake aliyekuwa amepoteza mtoto, akikiri kwamba pengo kama hilo halizibiki, na kwamba ndivyo inavyopaswa kuwa. Ilichukua hadi miaka ya 1990 wataalamu kusema wazi kwenye vitabu kwamba watu wengi wenye afya nzuri hawakati uzi. Wanaendelea na uhusiano na marehemu, kwa namna nyingine. Shosho yangu angewaambia hivyo bure.

Mshauri wa pili tulimpata kwa hospitali ya umma, na bei yake tuliimudu. Mama mtu mzima, mpole, hana haraka. Kitu cha kwanza alichouliza hakikuwa "unahisi aje." Aliuliza: "Alikuwa anaitwa nani?" Mama akasema anakumbuka kwamba alishindwa kujibu, akaonyesha picha.

Njia aliyoitumia inatokana na kazi ya daktari mmoja Mmarekani, Katherine Shear, na wenzake. Ni vikao 16. Mama alimaliza kwa miezi sita juu ya kukosa wiki zingine, mzigo ukiwa umefika sokoni. Sitawaeleza vyote, kwa sababu hii si kitu ya kujifanyia nyumbani na dada yako. Lakini nataka mjue inafananaje, kwa sababu mimi nilidhani therapi ni kulala kwa kiti kirefu ukilalamika.

Sehemu moja ni barabara. Waliorodhesha vitu vyote anavyokwepa, kuanzia kidogo hadi kikubwa. Wiki ya kwanza ya zoezi hilo alikuwa aguse reflekta tu, kila siku. Wiki nyingine aangalie picha ya daraja kwa simu. Kisha siku moja Jumapili asubuhi, barabara ikiwa haina watu, tukapanda matatu pamoja, tukapita. Alinishika mkono mpaka kucha zikaniingia. Tukashuka steji iliyofuata, tukarudi, tukapita tena. Konda akadhani tumepotea.

Sehemu nyingine ni kiti kitupu. Unaongea na marehemu, kisha unajibu kwa niaba yake. Mama akaniambia bro alimjibu kwa Sheng. Sikuuliza alisema nini.

Na kila kikao waliongea pia kuhusu yeye, Mama, anataka nini na maisha yake. Si bro, yeye. Alisema anataka kujifunza kushona ili auze mapazia badala ya mashuka. Ameanza. Ameshona moja limepinda, tumeliweka sebuleni.

Lakini sehemu ngumu ni ya kusimulia. Anafunga macho, anasimulia siku aliyopata habari, kuanzia asubuhi, kana kwamba inatokea sasa. Inarekodiwa. Kisha nyumbani anaisikiza ile rekodi, wiki nzima. Kwenye kikao kinachofuata anasimulia tena. Nilipoambiwa, nilikasirika. Nilisema huyu mshauri anataka kumuua. Kumbe kilichokuwa kinamuumiza Mama ni hadithi ambayo haikuwahi kusimuliwa mpaka mwisho. Kila mara ilikuwa ikifika chini ya daraja, anaikata, na inaanza upya usiku.

Simu ya Mama ilikuwa imejaa, kwa hivyo alirekodi kwa simu yangu ya zamani, na shimo la spika za masikio limeharibika. Nikasikia kila kitu. Kwamba siku hiyo belo lilikuwa zito, mtu wa mkokoteni hakuja. Kwamba alihitaji mtu wa kumbebea. "Nikapigia mdogo kwanza," sauti yake inasema, "hakushika. Nikapigia mkubwa."

Bro alikuwa anaenda Gikomba kumsaidia Mama.

Nilikuwa nahariri video. Niliona simu inaita, nikasema nitampigia baadaye. Miaka zaidi ya miwili nilikuwa nimeibeba hiyo, nikitumaini kwamba Mama amesahau alinipigia. Na yeye alikuwa amebeba yake, kwamba ni yeye aliyemwita. Tukiwa kwa nyumba moja ya vyumba viwili, kila mmoja akimficha mwenzake kitu ambacho wote tunakijua.

Mama akasimamisha rekodi. Akaniangalia. "Ulijua?"

Nikasema nilijua.

"Nilijua unajua," akasema, akabonyeza iendelee.

Nawapa na namba, kwa sababu msije mkasema nimebebwa na hisia. Kwenye utafiti wa 2005, Shear na wenzake walilinganisha njia hii na tiba nyingine ya maongezi inayoheshimika. Waliopata nafuu kubwa walikuwa asilimia 51 dhidi ya 28. Mwaka 2014 wakapima kwa watu wa miaka 50 na zaidi, ikawa kama 70 kwa 32. Mwaka 2016 wakajaribu kuongeza dawa ya mfadhaiko: ilisaidia dalili za mfadhaiko, lakini majonzi yenyewe haikuyapunguza zaidi ya tiba yenyewe. Angalia tena ile 51, ina maana karibu nusu hawakupata nafuu hiyo. Mwenye kukuahidi kwamba utapona kabisa ni wa kuepukwa.

Najua swali linalofuata. Mshauri kama huyo atatoka wapi, na sisi tuko wengi hivi? Kweli, hawatoshi, na wengi wa waliopo wako Nairobi. Lakini si lazima kila kitu kifanywe na mwenye digrii tatu. Harare kuna nyanya wanaoketi na watu kwenye benchi nje ya kliniki, mpango ulioanzishwa na daktari Dixon Chibanda mwaka 2006, na utafiti wa 2016 ulionyesha unafanya kazi kwa mfadhaiko. Hapa kwetu Nairobi, wahudumu wa afya wa jamii walifundishwa njia ya vikao vitano, ikapimwa kwa wanawake 421, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili. Ilisaidia. Na Bungoma, huko huko tulikomzika bro, washauri wa kawaida wa mtaani walifundishwa kuwasaidia watoto yatima kwa vikao 12 vya makundi, na matokeo yalichapishwa 2020. Walikuwa watoto, si watu wazima kama Mama, kwa hivyo sitavuta matokeo hayo mpaka kwetu. Lakini mtu asiniambie haiwezekani kwa lugha zetu na kwa watu wetu.

Ukipata mshauri, kuna maswali una haki ya kuuliza kabla hujalipa. Umesomea wapi? Umesajiliwa? Kuna sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu 2014, si utani. Na muhimu zaidi: mtu aliyekwama kwa msiba unamsaidiaje, hasa unafanya nini? Akikujibu "tunaongea tu", endelea kutafuta. Akikuambia utupe vitu vya marehemu kabla hajajua jina lake, simama uende.

Na mimi? Sidhani niko kwa ule mtu mmoja kati ya kumi. Nalala, nafanya kazi, nacheka. Lakini simu ikiita nikiwa nahariri, nashika. Hata kama ni matapeli wa mkopo.

Dada uliyeniandikia Jumapili, hukupitwa na hatua yoyote, kwa sababu hazikuwahi kuwepo. Kulia kutakuja au hakutakuja, na haitakuwa kipimo cha ulivyompenda. Nilikujibu hivyo, kisha nikafanya kile yule mshauri alifanya, nikakuuliza baba yako alikuwa anaitwa nani. Uliniandikia meseji ndefu hadi saa nane usiku. Nimeweka tarehe kwa simu yangu, wiki sita kutoka siku ya mazishi. Nitakuuliza uko aje, na usinijibu "niko sawa."

Agosti inafika miaka mitatu. Mama hapandi tena gari la Kariobangi, ila siku zingine akiwa amechoka bado anafumba macho tukikaribia Donholm. Kredo kwa laini ya bro bado anaweka, na mshauri alisema hakuna ubaya. Wiki iliyopita alimwambia mama mboga wetu arudi kumwita kama zamani, kwa jina la mkubwa. Mama mboga akajaribu, sauti ikamkatika, akampa sukuma za bure.

Anataka tupike chapati siku hiyo, zile nene ambazo bro alikuwa anakula na chai ya tangawizi, na niite wasee wake wa steji ya bodaboda. Nimewatumia meseji. Wanne wamesema watakuja. Mmoja ameuliza kama anaweza kuja na stori, kwa sababu ana moja ya bro ambayo hajawahi kumwambia mtu.